Mafundo Aliyoyafungua Mama

Nimekiri mengi kwenye safu hii, msomaji wangu, lakini hili nilikuwa nalizunguka. Leo nalitoa. Nina miaka thelathini na nane, nina ndevu, nina kiti cha ofisini kinachozunguka, na sijui kufunga tai.

Sijui kabisa. Hata kwa kubahatisha.

Kama wiki jana hukulipata gazeti, au ulilipata limeshafungia viatu, habari kwa ufupi ni hii. Nilikuwa dereva wa Mkurugenzi wa kampuni ya magodoro kwa miaka minane, mpaka siku niliyoshika kipaza sauti kwenye mkutano wa wafanyakazi kumwomba mwenye gari jeupe alitoe getini. Mkurugenzi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sauti hiyo inaozea kwenye usukani." Kesho yake nikawa Afisa Uhusiano.

Mchumba wangu, mwalimu wa hesabu, alikuwa amengoja miaka miwili nipate cheo kinachotamkika mbele ya baba yake. Baba huyo ni hakimu mstaafu. Mwalimu akampelekea habari, hakimu akajibu kwa maneno matano: "Aje Jumamosi. Saa tisa. Kamili."

Kabla sijamaliza kufurahi, mwasisi wa kampuni yetu, mzee tuliyemwita Mwenyekiti, akafariki. Mazishi Jumamosi hiyohiyo, saa nne asubuhi. Mkurugenzi akaniita.

"Utasoma rambirambi za kampuni," alisema. "Vaa suti. Vaa tai."

Hapo ndipo nilipokuacha. Sasa twende.

Tai ninayo moja, ya bluu nzito yenye vidoti vyeupe. Dada yangu mkubwa ndiye aliyenifungia, miaka tisa iliyopita, asubuhi ya harusi yake. Akamaliza, akanipigapiga begani, akaenda zake na mumewe. Tangu siku hiyo lile fundo halijafunguliwa. Nikitaka kuvaa nailegeza, napitisha kichwa, navuta. Nikivua nailegeza, natoa kichwa, natundika msumarini.

Watu hunisifu. "Fundo lako zuri sana, bwana." Nasema asante, macho chini, kama mtu mnyenyekevu.

Ijumaa jioni nikaenda sokoni kwa dada mmoja anayeuza tai. Kibanda chake kimejaa tai mpaka zinamgusa usoni, ukiongea naye unaona jicho moja tu.

"Dada, nina tai ya bluu ya vidoti," nilimwambia. "Naweza kuivaa msibani asubuhi, halafu ukweni alasiri?"

Akasogeza tai ili anione kwa macho yote mawili.

"Vidoti msibani? Kwani marehemu alikuwa adui yako?"

"Hapana. Alikuwa Mwenyekiti wetu."

"Basi nisikilize, kaka. Msibani unavaa nyeusi isiyong'aa. Fundo dogo, limebana. Hutaki mfiwa aache kulia akutazame shingo. Kazini ni mistari. Ukienda kuomba kazi, mistari myembamba, usije ukaonekana wewe ndiye unayemwajiri mwenzako. Harusini vaa unachotaka, ila usimzidi bwana harusi. Sasa ukweni..." Akanipima toka kichwani mpaka viatuni. "Ndiyo mara ya kwanza?"

"Ya kwanza. Na baba yake alikuwa hakimu."

"Pole. Bluu yako hiyohiyo. Nyekundu atasema una jeuri. Nyeusi atasema unamtakia kifo. Njano..." Akatikisa kichwa tu, hakumalizia, na mimi sikumwomba amalizie.

Nikanunua nyeusi.

"Nifungie kabisa hapahapa," nikasema, nikijifanya mtu wa haraka. "Nataka nione urefu."

Akanifunga kwa nusu dakika, mdomo unaongea na mteja mwingine. Nikajitazama kwenye kioo chake, nikailegeza taratibu kama mtu anayemvua nguo mgonjwa, nikaitoa kichwani. Nyumbani nikazitundika zote mbili msumarini, bluu na nyeusi, mafundo yametulia. Nikazitazama kwa muda. Nikajiona mtu aliyejipanga.

Nilimsahau mama.

Mama yangu mzazi yuko kwangu tangu mwezi uliopita. Alikuja kutibiwa goti. Goti limepona, mama bado yupo, na katika kungoja siku ya kuondoka amefua kila kitu ndani ya nyumba ile isipokuwa mimi.

Jumamosi, saa moja asubuhi, nikatoka kuoga. Msumarini hapakuwa na kitu.

"Mama! Tai zangu ziko wapi?"

"Mezani, mwanangu. Nimekufulia."

Zilikuwa mezani kweli. Zimefuliwa, zimepigwa pasi, zimekunjwa mara nne kama leso.

"Mama," nikasema polepole. "Mafundo je?"

"Nimeyafungua. Ile ya bluu, lahaula! Fundo lile lilikuwa na uchafu wa miaka. Vidole vilishindwa, meno yakashindwa, nikatumia uma."

Nikakaa kitandani. Maji ya kuoga bado yalikuwa yananichuruzika mgongoni, lakini sasa yalikuwa yamechanganyika na jasho.

"Na hii nyeusi? Hii ni mpya, mama!"

"Imetoka sokoni. Unajua imeshikwa na nani?"

Utamjibu nini mzazi wako? Nikasema, "Asante, mama."

"Haya, vaa nikuone."

Nikaishika nyeusi. Nikaizungusha shingoni. Nikapitisha huku, nikapitisha kule. Mama akaniangalia kwa utulivu, kisha uso ukaanza kumbadilika.

"Kwani hujui kufunga?"

Nikaendelea kupitisha.

"Nimekusomesha miaka kumi na mbili," alisema. "Walikuwa wanakufundisha nini?"

Nikachukua simu, nikatafuta video. Nikampata bwana mmoja anayetabasamu bila sababu. Akisema kulia, kwangu inakuwa kushoto. Nikigeuka ili tulingane, simuoni. Nilipomaliza, upande mpana ulikuwa mfupi kama ulimi wa ndama na upande mwembamba umefika kwenye zipu.

"Labda ndiyo mtindo wa sasa," mama alisema, na nikajua amenionea huruma.

Nikachomoka. Getini kwetu kuna mlinzi, kila siku yuko na tai imenyooka. Nikamkimbilia.

"Mkubwa, nisaidie. Nifungie tai."

Mlinzi akatabasamu kwa masikitiko. Akashika tai yake mwenyewe, akaivuta mbele kama manati, akaiachia. Ikarudi shingoni paa!

"Hii ina lastiki, bosi. Tunagawiwa hivihivi."

Saa tatu na nusu nilikuwa nje ya chumba cha maiti cha hospitali. Waombolezaji walikuwa wanakusanyika uani, viti vinapangwa, watu wanasalimiana kwa sauti za chini. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya jengo, suti nyeusi, shati jeupe, shingo tupu, tai mbili mfukoni.

Simu ikalia. Mkurugenzi.

"Uko wapi?"

"Nimeshafika, bosi. Napitia hotuba."

"Umevaa vizuri?"

"Namalizia, bosi."

Mlango wa nyuma ukafunguka. Akatoka bwana mmoja mwembamba, aproni ya plastiki, buti za mpira, kikombe cha chai mkononi. Mhudumu wa mle ndani. Akanitazama, akatazama tai zinazoning'inia mfukoni.

"Umemletea marehemu nguo? Tumeshamvisha."

"Hapana, kaka. Hizi ni zangu." Nikapiga moyo konde. "Unajua kufunga tai?"

"Mimi?" Alishusha kikombe kama aliyetukanwa. "Nimeshawafunga zaidi ya mia tatu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika."

Ningeweza kumkumbatia.

"Nifungie, nakuomba. Hii nyeusi ya sasa hivi, na hii ya bluu ya alasiri."

Akashika ile ya bluu, akaniwekea shingoni, akajaribu. Akasita. Akajaribu tena. Akainamisha kichwa kulia, kisha kushoto. Akarudi nyuma hatua moja, akajikuna.

"Tatizo umesimama," alisema.

"Unasemaje?"

"Sijawahi kumfunga mtu aliyesimama. Mikono inakataa. Njoo ndani ulale."

Nilikumbuka sauti ya Mkurugenzi. Nikaingia.

Hakunipeleka kwenye majokofu, msinielewe vibaya. Kulikuwa na chumba cha mbele, safi, kina harufu kali ya dawa na benchi refu la mbao ambalo ndugu hukalia wakingoja. Nikalala chali. Akasimama nyuma ya kichwa changu, na papo hapo mikono yake ikawa mikono ya fundi.

"Angalia nikufundishe," alisema. "Mpana juu ya mwembamba. Zungusha nyuma. Rudi mbele. Pandisha kooni, shusha humu kwenye kitanzi. Vuta. Umeona?"

Niliona. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona. Akailegeza ile ya bluu ikiwa na fundo lake, akaitoa kichwani mwangu, nikaiweka mfukoni kama hati ya nyumba. Akaja na nyeusi.

"Hii funga macho. Fundo dogo linataka umakini, na wewe unanitumbulia macho. Sijazoea kutazamwa."

Nikafumba. Nadhani ni mazoea tu, maana hakusema neno, lakini akanishika mikono akaniwekea kifuani, mmoja juu ya mwingine. Nikamwacha. Mtu yuko kazini kwake.

Ghafla akaitwa kutoka uani, kuna karatasi ya kusaini.

"Usiinuke," alisema. "Ncha hazijalingana. Nakuja."

Nikabaki. Kulikuwa na ubaridi mzuri. Usiku kucha nilikuwa nakariri hotuba, na nakiri kwamba nilianza kusinzia.

Nikasikia mlango. Nikasikia viatu, si vya mpira. Kisha kwikwi.

"Kaka yangu," sauti ya mwanamke ikasema juu ya kichwa changu. "Kaka yangu wee."

Alikuwa dada wa marehemu. Niliitambua sauti, ndiye aliyekuwa akipokea wageni pale uani. Nikafikiri: nikiinuka, nitamuua. Nisipoinuka, atanibusu.

"Umelala kama uliyechoka," aliendelea. Nikamsikia anasogea. "Mbona una ndevu?"

Sikupumua.

"Na mbona umekuwa kijana?" Kisha sauti ikapanda. "Huyu siye! Jamani! Wamenibadilishia kaka!"

Nikafumbua macho.

"Shangazi, samahani," nikasema kwa sauti ileile iliyonipatia cheo. "Mimi si marehemu. Mimi ni Afisa Uhusiano wa kampuni ya magodoro."

Hakupiga kelele tena. Alinipiga na mkoba. Wa kwanza ukatua sikioni, wa pili kwenye bega, wa tatu nikaudaka.

"Nafungwa tai, shangazi! Nafungwa tai tu! Sijui kufunga tai!"

Akasimama, mkoba juu. Akatazama shingo yangu. Akatazama benchi. Mhudumu naye akawa amerudi, amesimama mlangoni na karatasi yake, hajui aingie au akimbie.

Yule mama akakaa kwenye benchi pembeni yangu. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, machozi yanamtoka kweli, akanishika goti ili asianguke.

"Siku tano sijacheka," alisema alipopata pumzi. "Siku tano! Kaka yangu angekuwepo akaliona hili angekupandishia mshahara." Akainama, akanilinganishia ncha za tai kwa mikono yake mwenyewe. "Haya nenda ukasome. Na ole wako unichekeshe mbele za watu."

Nilienda nikasoma. Yeye alikuwa amekaa safu ya mbele. Kila nilipotamka "marehemu" alijifunika uso kwa kitambaa na mabega yakamtikisika. Nilipofika pale pasemapo "amelala, lakini sauti yake tunaisikia", akainama kabisa mpaka magotini, wanawake wawili wakamshika, na waombolezaji wote wakaangua kilio kwa kumwonea uchungu.

Mkurugenzi alinifuata baadaye, macho mekundu.

"Miaka minane ulikuwa unanifungulia mlango wa gari," alisema. "Sikujua una kipaji cha kugusa mioyo. Na fundo hilo! Hapo ndipo huwa namjua mtu makini."

Nikasema asante, macho chini.

Ungekuwa wewe, msomaji, si ungeona siku imeshakunyookea? Nilibadilisha tai ndani ya gari, bluu juu, nyeusi mfukoni, nikajitazama kwenye kioo. Vidoti vyote vilikuwa mahali pake. Saa tisa kasoro dakika mbili nilikuwa mlangoni kwa hakimu.

Mwalimu ndiye aliyefungua. Akaitazama tai, akatabasamu, na mimi nikasahau mkoba, benchi na mengine yote. Kisha akaninong'oneza haraka.

"Mama hajamsemesha baba tangu Jumatano. Usiulize."

"Kwa nini?"

"Nimekwambia usiulize. Hata mimi sijui."

Mlango wa pembeni ukafunguka kidogo. Kikatokea kichwa chenye mvi na miwani.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, baba."

"Shikamoo, baba," nikasema.

Hakuitikia. Alikuwa ananitazama shingoni. Alinitazama pale kwa muda ambao mtu angeweza kuhukumiwa na kukata rufaa.

"Njoo," alisema. "Peke yako."

Chumba kile alikiita ofisi. Kulikuwa na kabati la majalada ya zamani, feni isiyozunguka, na kochi refu la ngozi. Akasukuma mlango ukajifunga nusu. Alikuwa amevaa suruali nzuri na shati limefungwa mpaka juu. Akatia mkono mfukoni, akatoa tai ya kahawia imejikunja, akainyoosha mbele yangu kama anayeonyesha kielelezo mahakamani.

"Nifunge," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Mgeni akija na tai, mwenye nyumba hapokei shingo tupu," aliendelea. "Nimeona fundo lako. Ni fundo la mtu anayejua. Fanya haraka."

Nikamwelewa, na moyo ukanijaa. Hakimu mzima anataka kuvaa tai kwa ajili yangu! Halafu nikakumbuka sijui kufunga, na moyo ukashuka ulikotoka.

Nikatia mkono mfukoni. "Baba, ninayo hii nyingine, imeshafungwa tayari..."

"Nyeusi?" Alirudi nyuma. "Unataka nivae ya msibani ndani ya nyumba yangu?"

Dada wa sokoni alinionya.

Nikatazama ile ya kahawia. Nikatazama mlango. Ungeniuliza wakati ule ningesema heri mkoba wa shangazi. Lakini nilikuwa nimechoka, msomaji. Miaka tisa nasema asante kwa fundo la mtu mwingine.

"Baba," nikasema. "Mimi sijui kufunga tai."

Akavua miwani.

"Rudia."

"Sijui. Hii nimefungwa na mtu. Na ya kabla yake nilifungwa na mtu. Nimefungwa na watu maisha yangu yote."

Hakimu akakaa kwenye kochi taratibu. Nikangoja hukumu. Badala yake akaiweka tai magotini, akaipapasa.

"Nimekaa kitini miaka thelathini na moja," alisema, sauti ya chini sana. "Nimefunga wezi, matapeli, wavunja nyumba. Hakuna asubuhi hata moja niliyojifunga tai mwenyewe. Ni mke wangu. Kila siku, pale mlangoni, chai ikiwa mezani. Sasa hanisemeshi." Akanitazama. "Nani kakufunga hiyo?"

"Mtu wa hospitali, baba."

"Daktari?"

"Yuko jirani na madaktari."

Akafikiri. "Aliifanyaje?"

"Nilimwona. Naweza kujaribu. Ila..." Nikalitazama kochi alilokalia. "Ila itabidi ulale."

"Nilale?"

"Ndivyo nilivyoona mimi. Chali. Nikikufunga umesimama nitapotea njia."

Nilitegemea anifukuze. Hakimu alitazama saa ya ukutani, saa tisa na dakika ishirini, na kitu fulani kikamkaza uso. Akavua viatu. Akalala kwenye kochi, kichwa kwenye mkono wa kochi, miguu imenyooka.

Nikapiga magoti nyuma ya kichwa chake. Nikamwekea tai kolani. Mpana juu ya mwembamba. Zungusha nyuma.

"Fumba macho, baba. Sijazoea kutazamwa."

Akafumba. Rudi mbele. Pandisha kooni. Ulimi ulikuwa umenitoka nje kwa umakini. Shusha kwenye kitanzi. Vuta...

Mlango ukasukumwa.

Alikuwa mama mkwe. Mara ya kwanza kumwona, naye mara ya kwanza kuniona mimi, nimepiga magoti nimetoa ulimi, mikono yangu miwili kooni kwa mumewe, na mumewe amenyooka chali amefumba macho.

Nikaurudisha ulimi ndani.

Mama mkwe alitazama kwa makini, kutoka miguuni kwa mumewe mpaka kwenye vidole vyangu. Akaingia. Akarudishia mlango.

"Kaza," alisema.

"Mama?"

"Kaza, mwanangu. Mbona umeacha?"

Hakimu akafumbua macho, na nakwambia uso ule uling'aa kama wa mtoto. "Umenisemesha!"

"Sijakusemesha wewe. Namsemesha huyu." Akanigeukia. "Hiyo tai, unajua anamvalia nani?"

"Mimi, mama," nikasema, japo sasa sikuwa na uhakika.

"Wewe umeitwa saa tisa. Saa tisa na nusu anakuja jaji aliyekuwa mkubwa wake kazini, na mwanawe wa kiume. Wewe umeitwa ukataliwe, wao wameitwa wapokewe. Nimeyajua Jumatano. Muulize kama naongopa."

Nikamtazama hakimu kutoka juu. Yeye akatazama feni.

"Mke wangu, kijana wa jaji ana msimamo," alianza. "Ana ofisi yake, ana..."

"Na binti yako je? Anajua?"

"Nilikuwa nangoja wakati mzuri wa kumwambia."

"Nimeshaambiwa, sasa hivi, hapa mlangoni," ikasema sauti nyingine.

Mlango ulikuwa umefunguka tena. Mwalimu alisimama pale na sinia la vikombe vinne. Vikombe havikutikisika hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mwalimu yule akikasirika huwa anatulia.

Kengele ya mlango wa mbele ikalia.

Sote tukatazama saa ya ukutani. Saa tisa na nusu. Kamili.

Hakimu akajaribu kuinuka. Akafika nusu, akarudi chini. Nilikuwa sijaziachia ncha za tai.

"Kijana," alisema kwa sauti ya mahakamani. "Niachie nikawafungulie wageni wangu."

"Mwache," alisema mama mkwe, mikono kiunoni. "Mwache aende tumuone atawaambia nini."

"Usimwachie," alisema mwalimu.

Nikatazama chini. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kukusimulia masaibu yangu, msomaji, nilikuwa nimefunga fundo kwa mikono yangu mwenyewe, na lilikuwa limekaa katikati kabisa ya kola, dogo, limebana, bila kosa.

Kengele ikalia mara ya pili.